Goti la Bi Tima

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilimfanya mwanamke mwenye kiburi kuliko wote Mji wa Kale aniombe radhi mara tatu mbele ya watu. Wako wanaosema naongeza chumvi. Nawaambia nimepunguza.

Mwanamke mwenyewe ni Bi Tima, jirani yetu wa mlango wa pili. Siku moja kaimati zake zilipungua kwenye sinia, naye asimuulize mtu. Alinishika mkono akanipiga kwa mwiko juu ya vidole hata vikafura kama ndizi. Aliyekula ni mwanawe, na yeye alilijua hilo kabla jua halijachwa. Hakusema neno. Nyanya yangu alinifunga majani ya mbarika yaliyopashwa moto makaani na kupakwa mafuta ya simsim, na siku ya nne nikaweza kukunja ngumi. Ngumi hiyo nilikuwa na kazi nayo. Bi Tima aliposikia habari za dawa hiyo alicheka barazani kwake: "Majani ya kulisha mbuzi hayo!"

Haikupita miezi miwili. Bi Tima alipanda kile kigari cha kusukumwa juu ya reli, kama wakubwa wa serikali, ili mtaa mzima wa Ndia Kuu umuone. Kushuka, buibui likanasa, akaangukia goti. Goti lilifura likawa kama dafu. Akajaribu dawa ya chupa, akajaribu maji ya kombe yaliyooshewa aya, akajaribu kupiga kelele. Siku ya tano aliletwa kwetu, shoga zake watatu wamemshika huku na huku.

Sasa sikizeni. Nyanya alikuwa na sharti moja. Jani la uvimbe huchumwa na mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, tena asiwe na kinyongo na mgonjwa. Likichumwa kwa kinyongo, alisema, uvimbe huzidi na maumivu hupanda mpaka kiunoni. Na nyumbani mwetu mtoto wa kike alikuwa mmoja.

"Mwanaisha," Nyanya aliniita, "una neno na Bi Tima?"

"Ninalo."

Shoga zake wakautazama mkeka.

"Basi muombe radhi," Nyanya akamwambia Bi Tima, kama anayemwambia avue viatu.

"Mimi? Nikiombe radhi kitoto hiki cha juzi?"

"Si lazima, mwanangu. Mlango uko wazi. Utaufikia?"

Bi Tima alilitazama goti, akautazama mlango. "Nisamehe, Mwanaisha."

"Kwa lipi?" nikamuuliza.

"Nisamehe nilivyokupiga."

"Na kaimati alikula nani?"

Ee! Macho aliyonitolea! Shoga zake walikuwa wameacha hata kutafuna tambuu. "Alikula Salimu," akasema polepole. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe."

Nilidanganya. Nilikwenda uani, nikausogelea mbarika nikaunong'oneza: "Mfurishe. Mpandishe maumivu mpaka kiunoni." Kisha nikachuma majani mapana kuliko yote, ili laana ienee vizuri. Nilitaka nijionee kwa macho yangu.

Bi Tima alilazwa kwetu, na kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kufungua kitambaa, na kila asubuhi goti limenywea. Siku ya nne Bi Tima alirudi kwake kwa miguu yake, hashikwi na mtu. Nyanya alinipapasa kichwa akasema, "Moyo wako mweupe, mjukuu wangu." Machozi yalimlengalenga. Mimi mwenye mdomo huu nikanyamaza, na Nyanya amekufa hajui.

Tangu hapo nimefunga magoti ya watu wengi kwa majani hayo hayo, wengine nawapenda, wengine nikiwatakia kaburi. Yote hunywea. Jani halina habari na moyo wa mtu. Basi sharti lile lilitoka wapi? Nadhani lilitungwa na mwanamke fulani wa zamani, aliyechoka kuwauguza waliompiga huku wao wamenyamaza kimya. Alijua hawangesema mpaka waumwe.

Kwa hiyo sijalifuta. Hata leo, akija kwangu mtu aliyemdhulumu aliye mdogo kuliko yeye, makaa huwa tayari na mafuta huwa tayari, lakini kwanza namwita huyo mdogo nimuulize kama ana neno. Na akiwa nalo, goti litangoja.