Mtoto mmoja, fomu mbili za kodi: yaliyotukuta mimi na dada yangu Minnesota

Wakuu, heshima zenu. Hili nimelikalia miaka mingi, na hapa siongezi chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa naishi Frogtown, Saint Paul. Dada yangu mkubwa alikuwa Woodbury, mji wa jirani, anapiga shifti mbili hospitalini. Mwanae Neema, miaka saba, akawa anakaa kwangu siku za shule. Baadaye na wikiendi.

Hatukuweka kikao. Mtoto wa dada ni mtoto wako, nani anaulizana?

Msimu wa kodi ukafika. Mkenya mmoja aliyekuwa akitujazia fomu mtaa wa University Avenue akaniuliza, "Hapo kwako unalisha nani?" Nikamtaja Neema, nikasaini. Wala sikuwaza mara mbili.

Kumbe dada naye kamwandika kwenye fomu yake!

Barua ya state, serikali ya jimbo, ikaja kwa wote wawili: mtoto huyu ameandikwa na watu wawili, leteni ushahidi anatunzwa na nani. Wakuu, nilijua ndiyo deportation hiyo, narudishwa nyumbani.

Dada akapiga simu, anawaka. "Yaani umeniibia mtoto kwenye makaratasi? Twende shuleni kwake, waseme wao."

Tukaenda. Mwalimu akanikumbatia, kisha akamgeukia dada kwa tabasamu: "Hi! You must be the auntie?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Dada akaomba faili. Kila kikao cha wazazi, saini yangu. Kila siku ya homa, wamenipigia mimi. Akalifunga taratibu.

Kwenye gari akasema, "Mwandike wewe. Ndiyo ukweli." Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na barua. Nikamwambia nitalifuta jina. Akakataa.

Wiki hiyohiyo akaacha shifti moja, akaja kumchukua mwanae. Neema analia, "I wanna stay with Mama Mdogo!" Dada anasikia.

Hundi ya refund, ile kodi unayorudishiwa ukitunza mtoto, ilikuja. Niliifungua jikoni, cereal ya Neema ya asubuhi bado iko juu ya friji. Nililia kama nimefiwa.

Somo: mkilea kwa kusaidiana huku ughaibuni, zungumzeni kabla ya kugusa fomu. Sisi hatuulizani mtoto anakaa kwa nani. Serikali inauliza, na jibu linaweza kuuma.

Siku hizi mimi na dada tunaongea vizuri, ila habari za kodi hatuzigusi.

Sasa Neema ana binti yake. Juzi kaniomba huyo binti akae kwangu siku za shule. Dada, bibi yake, hajaambiwa.

Wakuu, nimjibuje?