Mgongo wa Fundi Timazi

Mtu akijifunza kazi mpya huomba Mungu aijue upesi. Fundi Sindano alianza hivyo hivyo, kama sisi wote. Lakini jua kali la mwaka ule lilipokuwa likielekea kwisha, alikuwa akiomba kinyume chake, tena kwa machozi: mkono wake uwe mbovu, mzito, usiofundishika hata ukipigwa. Ukimsikia mtu anaomba dua ya namna hiyo, usimcheke kabla hujajua anachokiogopa.

Alikuwa mshonaji wa nguo za kike, na jina la Sindano alipewa na mumewe. Mumewe naye alikuwa mwashi, na watu walimwita Timazi kwa sababu ya kile kichuma chenye ncha kinachoning'inizwa kwa uzi kupimia kama ukuta umesimama wima. Mafundi wengi wana timazi na kuta zao bado zinapinda. Huyu alikuwa akiutazama ukuta kwa jicho moja, anasema, "Umekwenda kulia kidogo," kisha anatundika uzi ili kuwaziba midomo wabishi tu. "Mtu hudanganya na jicho hudanganya," alikuwa akiwaambia vibarua wake, "lakini uzi wenye chuma hauna mjomba wala shangazi." Mgeni akibisha hodi kwao na kuita "Fundi!", mke na mume walikuwa wakiitika pamoja, halafu wanabishana nani kaitwa huku mgeni amesimama nje.

Mwaka ule Timazi alitolewa uvimbe kichwani. Alirudi nyumbani na mshono nyuma ya sikio, Sindano akaukagua kama anavyokagua pindo, akakiri kuwa aliyeshona anajua kazi. Lakini kabla hawajaruhusiwa, daktari aliwaketisha akawaambia bila kuzunguka: "Tumetoa chote tulichokiona. Ninachokihofia ni kile ambacho hatukukiona. Mama, ukimwona anaelemea upande mmoja, usingoje kesho. Mlete. Mkichelewa, hatutakuwa na la kufanya." Sindano akaitikia kwa kichwa. Njia nzima alimshika mumewe mkono kama mtu aliyebeba chungu chenye ufa.

Akafunga kibanda chake cha kushonea ili akae naye. Hapo ndipo binti yao, anayechora mitindo ya nguo kwenye kampuni moja mji wa mbali, alipowaletea kompyuta yake ya zamani na kibao cha kuchorea. Kilikuwa bapa, cheusi, laini, ukubwa wa sinia dogo, na kalamu yake haikuwa na wino. "Mama, kichwa chako kimejaa mitindo," alisema. "Ukijua kuichora humu, utafanya kazi bila kumwacha Baba."

Kile kibao kilimtesa. Unachora mezani, mstari unatokea kwenye skrini: mkono uko huku, macho yako kule. Siku za mwanzo Sindano alikuwa akiutazama mkono wake, haoni kitu, anakandamiza kwa nguvu, haoni kitu, na akiinua macho anakuta skrini imechafuka utadhani kuku wamepigana juu yake.

"Kazi gani hii, kuchora bila kuona unachokichora?" akalalamika.

"Mbona uliolewa hivyo hivyo," akajibu Timazi kutoka kitandani.

Binti akawa anamfundisha kwa simu. Anza na watu waliosimama, Mama. Chora mgongo tu, usihangaike na sura. Kwanza mstari mmoja, uti wa mgongo, uupige haraka bila kufikiri, maana huo ndio mtu mwenyewe. Kichwa na mabega vitafuata. Na wa kuchorwa alikuwa nani tena? Kila alasiri Timazi alisimama mlangoni, akaupa mgongo chumba, akawa anatazama barabara na kumsimulia mkewe yanayopita: fundi baiskeli kagombana na mteja, mbuzi wa watu kaingia dukani na katoka na mkate. Sindano alikuwa akicheka hadi kalamu inamponyoka.

"Simama wima, Timazi!"

"Nimesimama wima. Wewe chora."

Akachora, akafuta, akachora tena. Mikono ikaacha kufanana na vijiko. Mabega yakapata mfupa. Alikuwa akizituma picha kwa binti yake, na binti akawa anamsifu, mpaka siku moja akapiga simu.

"Mama, umeendelea sana. Ila huyu Baba wa kwenye picha anaelemea kushoto. Hujaona? Igeuze kama kwenye kioo. Jicho likizoea kosa halilioni tena, mpaka uligeuze."

Sindano akabonyeza pale alipoelekezwa. Picha ikageuka, kushoto ikawa kulia, na yule mtu ambaye jana alimwona amesimama vizuri akawa ameinama kama anayesikiliza kitu kilicho chini. Akageuza na ya juzi. Akageuza na ya wiki iliyopita, nayo imeinama, ila si sana kama ya juzi.

"Mama? Usivunjike moyo. Ni kosa la kila mwanafunzi, mkono huvuta kwenda upande wake."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Ni lako, Mama."

"Hakika ni langu?"

"Ni la mkono wako kabisa."

"Asante, mwanangu. Asante sana." Akakata simu akalia, na binti kule alipo akajilaumu kwamba amemkosoa mama yake kwa ukali.

Kuanzia hapo mwanamke yule hakujifunza tena ili ajue. Alijifunza ili ashindwe. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ikiwa mkono ndio mbovu, basi kila atakayemchora lazima aelemee. Akamwita jirani yake muuza mitumba, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, akamsimamisha pale pale mlangoni. Akapiga mstari, akaweka mabega, akageuza picha. Jirani alikuwa wima kama nguzo ya umeme.

"Ee, umenipatia!" jirani akapiga makofi. "Mpaka makalio yangu umeyatendea haki!"

"Hukutulia," Sindano akamjibu. "Haihesabiki hiyo."

Akamchora mama mwenye nyumba akianika nguo: wima. Akachora sanamu yake ya kupimia magauni: wima. Akachora fremu ya mlango, na fremu ikatoka imenyooka kiasi kwamba mwalimu yeyote angempa zawadi. Kila alichokipatia kilimchoma. Kisha alasiri inafika, Timazi anasimama mlangoni, mstari mmoja wa haraka, na mtu wake anakwenda kushoto.

Ndipo akaanza kudanganya. Kompyuta ina kitufe cha kurudisha nyuma. Ukikibonyeza, mstari unafutika kama haujawahi kuwepo. Akawa anaufuta ule wa kwanza, wa kweli, na kuupiga mwingine polepole, akimsimamisha mumewe kwa kalamu. Akituma, binti anasifu, naye anapata nguvu za kupika.

Na wewe unayeuliza kwa nini hakumkimbiza hospitali siku ile ile, labda hujawahi kukaa kwenye lile benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Yeye alishakaa. Alijua madaktari wanavyotoka wakivua barakoa kabla ya kusema neno. Maadamu hajaenda, hakuna aliyemwambia kitu. Mfa maji hukamata maji, na Sindano aliyakamata kwa mikono miwili.

Jirani, kwa kuwa mdomo wake hauna kifungo, alimuuliza wakiwa bombani: "Shoga, mbona shemeji akitembea anaupangusa ukuta kwa bega?"

"Chumba chetu chembamba."

"Jana kikombe kilimtoka mkononi, nimemwona mimi. Mficha maradhi..."

"Nimekuomba mithali?" Sindano akabeba ndoo yake ikiwa haijajaa, akaondoka.

Asubuhi moja alikuwa akifuta meza, akaona jambo lililomfanya aangushe kitambaa. Kibao hakikuwa kimelingana na ukingo wa meza. Kilikaa upande, kidogo tu, lakini kilikaa upande. Binti alishamwambia: kibao kikikaa upande, kila mstari unaingia kwenye skrini ukiwa umepinda. Jirani, mama mwenye nyumba, sanamu, vyote akavisahau palepale.

"Timazi! Timazi, njoo! Kumbe ni kibao! Si mkono, si wewe, ni kibao kimekaa vibaya!" Alikuwa akicheka na kufuta macho. "Njoo ukinyooshe wewe mwenye jicho."

Timazi akaja, mkono mmoja ukutani, uso umejaa umuhimu. Tangu atoke hospitali hakuna aliyekuwa amemwomba kazi. Sindano akamnyooshea rula yake ya kukatia, akaikataa. "Tangu lini mimi nikapimiwa?" Akafumba jicho moja. Akakisukuma kibao kwa kidole, akarudi nyuma, akatazama, akakisukuma tena, akanung'unika, akakisogeza kidogo zaidi.

"Hapo. Sasa kimenyooka. Kibandike kisicheze."

Sindano akatazama. Kibao kilikuwa kimepinda kuliko mwanzo, kimelalia kushoto, kona yake moja imetokeza nje ya meza. Hata mtu asiyewahi kushika rula angeona. Na mumewe, aliyekuwa akiona ufa kabla haujafunguka, alikuwa amesimama akipangusa viganja kama anavyofanya ukuta ukikamilika, akitabasamu.

Sindano akachukua utepe wa gundi, akakibandika vile vile kama alivyoambiwa.

"Haya, nichore sasa." Timazi akaenda mlangoni, akaupa mgongo chumba. "Nimesimama wima?"

Sindano alipiga mstari haraka, bila kufikiri, akafuata mgongo ule jinsi ulivyo. Akainua macho. Kwenye skrini, uti wa mgongo ulikuwa umesimama wima. Akaugeuza kama kwenye kioo: wima. Kupinda kwa kibao kulikuwa kumekumeza kupinda kwa mtu, wala hakikubaki kitu.

Timazi akaja kutazama, akashika kiti asianguke. "Si unaona? Nilikwambia nimesimama wima, ukabisha kama mteja! Mtumie mtoto. Mtumie na daktari naye aone!"

Akamtumia mtoto. Jibu likarudi kabla hajaiweka simu chini: "Mama hongera! Umeweza! Baba amenyooka kabisa!" Timazi akalisoma kwa sauti, akacheka, akaomba chai.

Alichokiomba Sindano alikuwa amepewa chote. Picha imenyooka, sababu ipo, na shahidi kakubali. Angeweza kuzima kompyuta na kuteleka chai, na pengine ndivyo wengi wetu tungefanya. Yeye akakaa akimtazama yule mtu wa kwenye skrini, mzima, asiye na mshono wala ufa, na akamchukia.

Akanyanyuka, akaenda nyuma ya mlango ulipo mfuko wa zana ambao haukuwa umefunguliwa tangu hospitali. Akapekua chini ya mwiko, akatoa timazi. Akapanda kwenye kiti, akaufunga uzi kwenye msumari ulio juu ya mlango, pale alipokuwa akisimama mumewe. Akangoja mpaka kile chuma kikaacha kuyumba.

Timazi aliutazama uzi. "Mbona umeutundika upande?" akauliza.

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Hakuna uzi wenye chuma unaoning'inia upande. Alikuwa amewafundisha hivyo vibarua wangapi. Akanyoosha mkono autulize, akaukosa, akanyoosha tena, akaupata. Ulikuwa umeshatulia zamani. Akatazama uzi, akatazama fremu ya mlango, akamtazama mkewe.

"Uzi hauna mjomba," akasema taratibu.

"Wala shangazi," Sindano akaitikia.

"Tangu lini?"

"Tangu mkono wangu ulipoanza kuwa mzuri. Nilikuwa nakunyoosha, Timazi. Kila siku nakunyoosha mle ndani, nakufuta na kukunyoosha. Nisamehe."

Hakumgombeza. Alikaa kitandani, akapitisha kiganja nyuma ya sikio penye mshono. "Ukuta ukishapinda," akasema, "fundi haongezi tofali. Nipe viatu."

Sindano akamwita jirani kwa sauti iliyomfanya jirani asiulize kitu, bali akimbie kutafuta gari. Sindano akapiga magoti, akamvalisha mumewe viatu, akafunga kamba. Gari likapiga honi nje. Timazi akasimama katikati ya chumba, mikono mbavuni, kama anavyosimama kuchorwa, anatetemeka kwa kujikaza.

"Nimesimama wima?"

"Hapana," Sindano akasema. Akaingiza bega lake chini ya kwapa la kushoto la mumewe, akampitishia mkono kiunoni. "Egemea. Egemea tu, mume wangu."

Akaegemea, uzito wake wote, wakatoka wakiupita uzi mlangoni.