Kisanduku cha Taban

Mwanangu, nakuona unachora visanduku na mishale kuonyesha ofisi yenu inavyofanya kazi. Kuna siku moja huwa naikumbuka nikiona mchoro kama huo.

Tulikuwa tumerudi nyumbani Koboko, Uganda, kutoka uhamishoni Zaire, na chama chetu cha wakulima kilikuwa kimebaki kuta tu. Mwenyekiti, Mzee Rajabu, akachora ukutani kwa mkaa jinsi chama kitakavyofanya kazi: kisanduku cha kununua mbegu mjini Arua, mshale, kisanduku cha usafiri, mshale, kisanduku cha kuwagawia wakulima wa Lurujo. Mimi nilikuwa karani. Kazi yangu ilikuwa kuandika ndani ya kila kimoja jina la mhusika. Kwenye usafiri nikaandika Taban.

Taban ni kaka yangu. Kabla ya vita vilivyotukimbiza ndiye aliyeshughulikia mizigo ya chama. Tulipotezana njiani tukikimbia, na hakuna aliyemwona tena. Wote walijua kuwa nimeandika jina la mtu asiyekuwepo, ila mwanzoni hakuna aliyethubutu kuniambia. Nilikuwa mkali siku hizo. Na bado, waulize wajomba zako.

Mvua ikaanza. Karanga za mbegu zikakaa Arua bila mtu wa kuzileta, na kila aliyetaja jina jingine nilimfokea. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama mmoja wa Lurujo akaja mpaka mlangoni: "Shamba iko tayari. Mvua nakwenda. Mbegu iko wapi?"

Mzee Rajabu akaniketisha mbele ya ukuta ule. Yeye alikuwa amezika wanawe wawili kulekule Zaire.

"Mutoto yangu, mimi pia nalia," akasema. "Lakini hii kisanduku iko ya kazi, haiko kaburi. Mutu nakwenda, kazi nabaki."

Akanipa kitambaa. Nikalifuta jina la kaka yangu kwa mkono wangu, nikalia mpaka watu wakatoka nje. Kisha nikaandika jina la kijana mwingine. Mbegu zilifika zimechelewa, mavuno yakawa haba. Taban hajarudi mpaka leo.

Basi mwanangu, unapochora, tenga kazi na mtu. Uliza kwanza ni kazi gani lazima ifanyike, ndipo uulize nani yupo wa kuifanya. Umpendaye akitoweka, mlilie, mwombee dua kila siku, lakini usimweke mahali ambapo wenye njaa watamsubiri.

Mungu akulinde, na akujalie uimalize kazi hii na walewale ulioianza nao.