Nilimpekua Binti Yangu Kama Mfungwa

Nilikosea, na sitafuti mtu wa kunitetea. Binti yangu aliniuliza kwa mdomo wake habari za kujiua, na mimi nikamtafutia kosa!

Mimi ni askari magereza hapa Jinja. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupekua watu na kutoamini wanachosema. Mke wangu alifariki, nikabaki na binti mmoja wa miaka kumi na sita. Nitamwita Akello, si jina lake.

Muhula uliopita alibadilika. Chakula anakisogeza pembeni. Akitoka shule anajifungia chumbani. Nikajiambia, hapa kuna mwanaume!

Jioni moja napiga pasi sare yangu, akasimama mlangoni. "Baba, nimechoka."

"Umechoka na nini? Unalima? Unabeba mawe?"

Akarudi chumbani. Nilisubiri aende kuoga, nikapekua begi lake. Hadi nguo zake nilizinusa! Sikupata kitu, na kutopata kitu ndiko kulikonizidishia wasiwasi.

Jumapili, tukitoka kanisani, akaniuliza, "Baba, mtu akijiua, Mungu anamsamehe?"

Nikasimama. "Nani anakufundisha maneno hayo? Ni kwenye simu?" Nikamnyang'anya simu palepale, watu wanatazama. Ole wangu! Mtoto ananiuliza swali kama lile, mimi nawaza ni namba ya nani nitaikuta.

Kisha akampa binti wa jirani viatu vyake vipya na gauni la marehemu mke wangu. Nikasema sasa nimemkamata, anapunguza mizigo ili atoroke!

Asubuhi moja nikiwa kazini, nikakuta karatasi kwenye mfuko wa shati. "Baba, nisamehe. Naondoka. Usinitafute."

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja steji ya boda ya Mpumudde, nikamkaba kola dereva aitwaye Hakimu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyekuwa akimpeleka shule.

"Unampeleka wapi mtoto wangu?"

"Afande, niachie kwanza! Leo hajatoka. Na huyo mtoto analia njia nzima, kila siku. Mimi nilidhani unajua."

Nikaiachia kola yake. Hakimu huyohuyo ndiye aliyenipakia mbio hadi nyumbani, kola yake imechanika.

Tulimkuta amejidhuru, lakini yu hai. Zaidi ya hapo siandiki.

Dada yangu ni mwalimu, anaishi Nkoma, mjini Mbale. Alifika Jinja siku hiyohiyo. Aliketi kwenye kitanda cha hospitali, akamshika Akello mguu, akamuuliza bila kuzunguka, "Mwanangu, ulitaka kufa?"

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilitaka kuingia nimzuie, nikidhani atamtia mtoto wazo kichwani!

"Ndiyo, Shangazi."

Kisha akazungumza kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza nami mwaka mzima. Kuhusu mama yake, ambaye sikuruhusu atajwe nyumbani. Kuhusu wasichana wanaomcheka darasani. Kuhusu kutolala.

"Baba yako ulimwambia?"

"Nilimwambia. Mara mbili."

Jamani! Na mimi ndiye niliyekuwa namshuku kwamba ananificha mambo!

Sasa anaishi kwa shangazi yake. Anaonana na mshauri, anakula, anarudi masomoni taratibu. Kila nikipata ruhusa napanda gari kwenda Mbale. Ananisalimia kwa adabu, halafu anamwangalia shangazi yake kabla ya kusema neno la pili. Hakimu naye akiniona steji, anageuza uso. Nastahili.

Juzi nilijikaza nikamuuliza Akello kama yale mawazo bado yanamjia.

Akanitazama kwanza. "Unauliza kama baba, au kama afande?"

"Kama baba."

"Siku nyingine yanakuja."

Nilikaa karibu naye, naye hakuondoka.

Mzazi mwenzangu, mtoto akianza kugawa vitu vyake, akianza kuuliza habari za kufa, acha upelelezi! Muulize waziwazi kama anataka kujiua. Halafu nyamaza, umsikilize hadi amalize, usimwache peke yake, na umfikishe kwa wanaojua kusaidia siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nasubiri ushahidi, wakati ushahidi ulikuwa umesimama mbele yangu ukiniita Baba!