Heshima ilivyotaka kumwachisha Papa Amani safari ya Ufaransa

Leo tumemchosha mzee wetu kwa heshima. Nacheka, lakini nina aibu.

Mwezi ujao tunaenda Ufaransa kuendesha baiskeli, kijiji hadi kijiji kwenye mabonde ya mito. Kwa hiyo leo tulifanya mazoezi kando ya mto Mississippi, hapa tunapoishi, kutoka mji wa Champlin hadi mji wa Brooklyn Center.

Upepo ulikuwa wa usoni.

Papa Amani, mkubwa wetu, alitangulia. Sisi watatu tukamfuata, tumejikinga nyuma yake. Nani angempita mzee?

Baada ya maili tano akasimama, anahema.

"Ufaransa mwende nyinyi. Mimi nguvu zimekwisha."

"Papa, wa mbele ndiye anayekata upepo," nikamwambia. "Tulipaswa kupokezana."

"Sasa mbona hamkunipita?"

"Heshima, Papa."

"Heshima gani ya kuniua! Nilidhani mmechoka, nikasema nisiwaache watoto!"

Basi nikatangulia mimi, kisha wenzangu kwa zamu. Papa akapumzika nyuma yetu.

Maili ya mwisho akatupita wote, anapiga kengele ya baiskeli kama msafara wa bwana harusi. "Mtanikuta Ufaransa!"

Haya, semeni ukweli: nyinyi mngempita?