Sentimita Nane za Bo Wamundila

Ukisikia redio ya jimbo inasema saa moja asubuhi, "Maji Liandulo, mita sita na sentimita kumi," ujue umemsikia Bo Wamundila Mukelabai, Bo ikiwa ni Bwana kwetu Walozi, ingawa sauti si yake. Yake ni ile namba. Ameisoma kwenye kibao cha kupimia mto, kwa macho yake mwenyewe, amesimama ndani ya mtumbwi, shati limechomekewa, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kwa miaka ishirini na sita. Jumapili anasoma. Siku ya kumzika baba yake alisoma kwanza, ndipo akaja makaburini.

Mimi ni jirani yake, ua wangu na wake umetenganishwa na matete tu. Nilimwona akianza kazi, kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima, na leo ana wajukuu. Nilisoma hadi darasa la sita kwa masista na hesabu niliwashinda wavulana, kwa hiyo mtu anayeheshimu namba mimi namtambua.

Mambo mawili yalimtesa mtu huyu: serikali na Tou.

Nianze na serikali. Barua ilikuja ikisema nyongeza za mishahara zimesitishwa mwaka mmoja, nchi ina hali ngumu, watumishi wavumilie. Wakavumilia. Mwaka wa pili ikaja barua nyingine, nadhani ni ileile, wamebadilisha tarehe. Mwaka wa tatu hata barua haikuja. Unga wa mahindi ukapanda, sabuni ikapanda, nauli ya kwenda Mongu ikapanda. Buti alizopewa na idara ziliachama mdomo kama kambare, akazifunga kwa mpira wa baiskeli akaendelea kuzivaa, maana ni za kazi na yeye yuko kazini.

Mkewe, Ma Nalishebo, ana ulimi. Jioni moja alimwambia, mimi nikiwa palepale nachambua maharage, "Baba Mwangala, huo mto wako unapanda na kushuka. Bei zinapanda. Mimi mwenyewe nimepanda, tazama kiuno. Mshahara wako tu ndio umesimama kama kile kibao chako matopeni."

"Kibao kikitembea, mama, nitakuwa sina kazi kabisa," akajibu.

Hivyo ndivyo alivyo. Analalamika kwa kicheko, kisha anaangalia saa.

Sasa Tou, yaani Tembo, timu yetu ya Liandulo. Ujanani alikuwa beki wake wa kushoto. Jezi nimezifua mimi miaka kumi na tisa, na nakuapia, mwaka ule wa tatu zilirudi safi kuliko zilivyokwenda, kwa sababu wachezaji hawakukaribia mpira. Mechi ishirini na tano, wameshinda tatu. Kila Tou ilipofungwa Bo Wamundila alirudi nyumbani, akanawa mikono, akakaa mbele ya buhobe, ugali wetu, asile.

"Kula," mkewe angesema. "Hii buhobe haijafungwa na mtu."

Aliyemmaliza kabisa ni Bo Siabwanda, bwana mifugo wa serikali. Huyo ni Mtonga, na Watonga na sisi Walozi ni watani tangu mababu. Naye mshahara wake umesimama mwaka uleule, lakini mdomo haukusimama.

"Ninyi Walozi mnacheza mpira kama mnavyosafiri mtumbwini," angesema pale kwenye ofisi za serikali, mbele za watu. "Mmekaa chini, mnangoja kusukumwa."

"Na ninyi mkiona mpira mnauliza umezaa mara ngapi," Bo Wamundila angejibu, na watu wangeshika mbavu.

Basi ikafika mechi ya mwisho ya msimu, Jumamosi ya mwezi wa tatu. Tou ilihitaji pointi moja tu isishuke daraja. Wageni walikuwa Kasheke, timu yenye miguu na mapafu, ambayo ilishatufunga manne kwao.

Hapa lazima nieleze jambo. Uwanja wetu uko chini, ukingoni mwa tambarare, na mafuriko huuchukua kila mwaka. Zamani ilikuwa ugomvi: mwenyeji akiona atafungwa anasema uwanja umelowa. Mwenyekiti wa Tou, Bo Lutangu, mfanyabiashara, ndiye aliyepeleka wazo kwenye chama cha mpira wa wilaya, na wakalipitisha. Kibao cha serikali kikisoma mita sita na nusu siku ya Ijumaa jioni, uwanja umefungwa, timu zinagawana pointi. Hapo hapana maneno. Alichagua sita na nusu kwa sababu kila mtu huku anaijua. Hiyo ndiyo alama ambayo watu wanaoishi vilimani katikati ya tambarare wakiisikia redioni wanavuna kilichopo, kibichi kwa kikavu, wanapakia mitumbwi, wanaswaga ng'ombe kuja nchi kavu. Hawaangalii tena mto. Wanamsikiliza Bo Wamundila.

Na mwaka ule maji yalikuja kwa kunyata, sentimita moja kwa siku. Ijumaa asubuhi kibao kilisoma sita na arobaini na mbili.

Saa kumi alasiri Bo Lutangu akaingia uani kwa Bo Wamundila. Alipiga magoti, akapiga makofi ya salamu taratibu, zaidi ya kawaida. Nikajua ana shida. Aliniangalia kupitia matete, nikaendelea na maharage yangu. Sikuondoka.

"Bo Wamundila, ndugu yangu. Umeshindaje na maji?"

"Yapo. Yanakuja."

"Yamefika?"

"Bado nane."

"Nane." Akacheka kidogo. "Sentimita nane ni nini? Kidole hiki. Upepo ukivuma yanafika."

"Upepo ukivuma nangoja utulie, ndipo nasoma."

Bo Lutangu akasogeza kigoda. "Tusizunguke. Wewe umeichezea Tou. Goti lako liliharibika kwa ajili ya Tou. Ikishuka daraja haipandi tena, vijana watatawanyika, wewe unajua. Andika hamsini jioni hii. Wiki ijayo itakuwa hamsini kweli, nani atapima nyuma?"

Mimi nilimwona Bo Wamundila anavyotazama zile buti mlangoni.

"Na unamlindia nani?" Bo Lutangu akaendelea, sasa sauti imepanda. "Serikali? Miaka mitatu hawajakukumbuka! Hata buti hawakupi! Wao wanaandika barua za uongo kila mwaka, eti mwaka mmoja, eti vumilieni. Wewe andika uongo mmoja tu, wa sentimita nane, kwa ajili ya watu wako."

Nakiri hapo moyo wangu ulikwenda upande wa Bo Lutangu. Maneno yake yalikuwa na ukweli. Tou naipenda, na serikali ilikuwa imemkosea mtu yule.

Lakini nilikumbuka pia. Nilipokuwa msichana, tukiishi kilimani, msomaji wa kibao wakati huo alikuwa mtu mwingine, marehemu sasa. Alikwenda harusini, akanywa, hakwenda mtoni siku mbili, akakisia namba nyumbani. Baba yangu alisikia redioni sita na nusu, akang'oa shamba zima la mahindi yakiwa maziwa. Tulikula mabichi wiki moja, yaliyobaki yakaoza. Mafuriko yalikuja wiki mbili baadaye. Miezi mitano tuliishi kwa mihogo ya kuombaomba, na mdogo wangu wa mwisho hakuiona miezi hiyo ikiisha.

Na mwaka ule wa Tou mvua zilikuwa zimechelewa. Mahindi ya vilimani yalihitaji hizo siku nane, moja kwa kila sentimita.

Bo Wamundila akasema polepole, "Mama yako yuko kilimani."

"Nitamtumia ujumbe asivune."

"Yeye utamtumia. Na jirani yake? Na wale wa kilima cha Nangula? Utamtumia kila mtu ujumbe kwamba Wamundila wa redioni ni mwongo?" Akasimama. "Serikali hainipi nyongeza, ni kweli, na nikikutana nao nitawaambia. Lakini serikali haivuni mahindi kwa namba yangu, Bo Lutangu. Wanaovuna ni watu."

"Basi Tou ikishuka, imeshushwa na wewe."

"Huenda."

Akavaa buti zake, akafunga mpira wa baiskeli, akateremka mtoni. Ma Nalishebo alitoka jikoni, mwiko mkononi. "Na uandike kama ilivyo," akampigia kelele mgongoni, utadhani alikuwa amesema hataandika.

Aliandika sita na arobaini na mbili. Maji hayakuwa yamepanda hata kidogo tangu asubuhi.

Mechi ikachezwa. Mjini kote walishajua, maana Bo Lutangu hakunyamaza. Bo Wamundila alikwenda, akasimama peke yake nyuma ya goli, na watu wakaacha nafasi pande zote kama wanavyomwachia mwenye ukoma. Dakika ya kumi Tou ikafunga! Kwa kichwa! Mimi mwenyewe nilitupa kitambaa. Kilimshukia mwalimu mkuu usoni. Hadi mapumziko tulikuwa mbele, na nikaona wawili watatu wanaanza kumsogelea Bo Wamundila, mmoja akampa karanga.

Kipindi cha pili sitakisimulia. Tatu kwa moja. Tou ikashuka.

Jioni hiyo wakaja uani kwake, wanaume kama ishirini, Bo Lutangu mbele. Hawakusalimu. Kwetu mtu kuingia uani bila magoti na makofi ni sawa na kuingia na rungu. Walisimama tu. Mmoja akasema, "Toka nje, mtu wa serikali." Bo Wamundila akatoka, akasimama mlangoni, bado hajavua buti. Ma Nalishebo nyuma yake, kimya, na yeye kuwa kimya ndiko kulikonitisha.

Ghafla tukasikia kilio barabarani. Kilio hasa, cha msibani. "Mayoo! Mayooo! Tembo amekufa! Nani atanizika mimi!" Bo Siabwanda. Alipita katikati ya wale wanaume, akajitupa chini mbele ya mlango, mtu mzima, bwana mifugo, suruali ya kazini, akajigaragaza vumbini.

"Alikuwa mnyama mzuri! Hakuwahi kumuumiza mtu! Hata goli hakuwahi kuliumiza!"

Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Nilimwambia Lutangu, huyu tembo ana minyoo, mlete joshoni, nimchovye! Hakunisikia! Sasa tazameni!" Akakaa, akajipangusa. "Haya. Mimi ni mtani wa marehemu. Chakula cha msiba kiko wapi? Nani mkuu wa msiba hapa? Wewe, Lutangu, mbona umesimama kama shahidi? Kaa chini, unadharau maiti."

Mtani msibani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umejivunjia heshima wewe, na ukoo wako wote utalipa. Wale wanaume walijua. Wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, akajizuia, ikashindikana, na wengine nao. Ma Nalishebo akaleta mabisi, maziwa yetu ya mgando, na buhobe iliyobaki, akaweka mbele ya Siabwanda, akamwambia, "Kula, mchawi wewe, ndiye uliyemroga." Wale wakaketi mmojammoja. Wengine wakanawa.

Bo Lutangu hakuketi. Aliondoka, na hakumsalimu Bo Wamundila siku hiyo wala siku zilizofuata. Walipokutana sokoni aligeuza uso. Bo Wamundila aliumia, nilimwona. Alikuwa akirudi kutoka mtoni anakaa kwenye kigoda muda mrefu, anaichezea ile kalamu. Sikusikia hata mara moja akisema alikosea. Na sikusikia akijisifu.

Maji yakaendelea. Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Kule vilimani mahindi yakakauka kwenye mabua.

Siku ya nane tangu ile Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nafagia ua wangu. Bo Wamundila ndiyo kwanza anapanda kutoka mtoni, daftari kwapani. Bo Lutangu alikuwa amesimama njiani, fimbo ya kuchungia mkononi, nguo za safari. Ana ng'ombe zaidi ya sitini kule kwa mama yake. Wakisogezwa mapema wanakonda, huku hakuna nyasi. Wakichelewa wanazama.

Walitazamana.

"Yamefika wapi?" Bo Lutangu akauliza.

"Hamsini kamili."

Bo Lutangu hakuuliza kama ni kweli. Hakuomba kuona daftari, hakuteremka mtoni kutazama kibao. Aligeuka palepale, akawapigia wapiga kasia wake mluzi, akaanza kushuka gatini kwa haraka kama mtu aliyechelewa.

Bo Wamundila akamwangalia akienda. Kisha akapaza sauti: "Bo Lutangu! Mazoezi ya daraja la chini yanaanza lini?"

Yule hakusimama. Lakini alijibu, bila kugeuka, akiwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya mtumbwi.

"Maji yakikauka! Wewe si ndiye utakayetuambia?"