Oili ya Bikira wa Karmeli

Don Evelio Buriticá hubadilisha oili ya gari lake la jipu mara moja kwa mwaka, siku ya Bikira wa Karmeli, msimamizi wa madereva. Samahani, alikuwa akibadilisha. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mimi ni jirani yake, na jipu hilo limenibeba mimi na magunia yangu ya kahawa tangu nina nywele. Kipima kilomita chake kilikufa zamani, wala mwenyewe hakukililia. Kila Julai, maandamano ya Bikira yakiisha, padri alinyunyizia galoni ya oili mpya maji ya baraka, na mzee akamwaga oili kuukuu na kutia hiyo mpya. Ikipungua katikati ya mwaka, alijazia chochote kilichopo dukani: nyepesi, nzito, hata ya pikipiki.

Fundi Nélson alisema mpaka akachoka. "Don Evelio, injini hii ni bibi kizee. Mpe oili nzito, aina moja, na kwa vumbi na milima yetu umwage kila baada ya miezi miwili mitatu."

"Oili iliyobarikiwa haichakai, kijana."

"Hebu tazama hiki kijiti cha kupimia. Hii ni oili au lami?"

"Ni imani," alijibu mzee, akafunga boneti.

Nilitamani kumchapa kwa hicho kijiti.

Sasa, mzee huyu alikuwa na fahari moja tu duniani: jipu lake ndilo lililobeba sanamu ya Bikira kutoka darajani mpaka kanisani juu, kama la baba yake lilivyofanya kabla yake. Gildardo, mwenye jipu jekundu, aliitamani kazi hiyo kama paka anayetazama samaki jikoni kwa watu.

Wahenga walisema mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Wa kwetu alingoja siku ya Bikira. Mwaka juzi, katikati ya mlima, jipu likaanza kufuka moshi. Mabibi wawili wakapiga ishara ya msalaba, wakidhani ni ubani. Kisha injini ikapiga kelele moja, ikanoki, ikazimika kabisa. Wanaume wakamhamishia Bikira kwa Gildardo, honi zikalia, maandamano yakasonga. Evelio alibaki ameshika usukani wa gari lisilokwenda, machozi yakimtoka. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nikashindwa.

"Mwakani ukipanda bila moshi, atarudi kwako," Padri Arcesio alimwambia. "La sivyo, ni wa Gildardo moja kwa moja."

Nélson aliifufua injini. Lakini mzee akashikilia palepale: bila sikukuu, hamwagi oili. Hapo ndipo mkewe, Bi Rubiela, alipoweka mwiko chini.

"Kwani Bikira ana siku moja tu, we mzee? Februari kuna Bikira wa Mishumaa. Mei, wa Fatima. Julai, huyo wako. Desemba, Mkingiwa Dhambi ya Asili."

"Toka Julai mpaka Desemba ni mbali," mzee akatafuta kasoro.

"Katikati kuna Mtakatifu Rubiela. Oktoba, tarehe nne."

"Huyo simjui."

"Utamjulia wapi? Ni shahidi."

Kumbe mzee alimwamini mkewe! Oktoba ilipofika alibeba galoni ya oili nzito mpaka kwa padri, akaomba baraka kwa jina la Mtakatifu Rubiela. Padri alicheka mpaka akashika meza. Mzee akarudi amevimba.

"Padri anasema hayupo mtakatifu wa jina hilo!"

"Yupo," alijibu Bi Rubiela bila kugeuka. "Amekufulia mashati ya oili miaka yote ya ndoa. Leo ni siku yake ya kuzaliwa, na hujawahi kuikumbuka hata mara moja."

Mimi nilikuwa pale nimekuja kuomba chumvi, nikatamani ardhi inimeze. Mzee aliibeba galoni yake mpaka mlangoni.

"Oili nitaimwaga," alisema kwa sauti ndogo. "Leo hii hii."

Akamwaga kweli. Akamwaga Desemba, Februari na Mei pia. Julai iliyofuata Bikira alipanda mlima kwenye jipu la mzee bila hata kikohozi, Gildardo nyuma akimeza vumbi. Kiti cha mbele, ambacho siku zote kilikuwa cha padri, alikikalia Bi Rubiela na gauni lake jipya. Padri alining'inia nyuma pamoja nasi.